Ukuta wa Alama

“Toa mkono wako kwenye huo ukuta.”

“Nikiutoa sasa hivi karatasi zitaanguka, Baba Mkubwa. Ngoja nibane pini.”

“Nimesema toa mkono, Mkia.”

“Na mimi nimesema ngoja.”

Sauti yake ilikuwa imepanda mpaka vikombe vya kabatini vikawa vinaitikia. Yangu nayo haikubaki chini. Makamu, mgeni wetu wa kila Jumapili, alikuwa ameshika kikombe chake cha chai hewani, hajakifikisha mdomoni wala hajakirudisha mezani, kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya tatu kutoka chini, mkono mmoja kwenye nguzo, anasubiri pumzi yake imfikie. Siku zile pumzi ya Mama ilikuwa inachelewa. Yeye anatangulia kufika mahali, kisha anakaa kuisubiri.

Nilichofanya kilikuwa kidogo sana. Nilichomoa pini, nikashusha karatasi ya juu, nikapandisha ya chini. Basi. Mtoto wa chekechea angeweza.

“Hizo zimetoka maabara mbili tofauti,” Baba Mkubwa akasema. “Ni vipimo viwili tofauti. Huwezi kuvilinganisha, mtoto wewe.”

“Kwani humu ndani nani analinganisha?”

“Unaniuliza mimi?”

“Mimi ni wa mwisho, Baba Mkubwa. Wa mwisho ndiye anayeuliza. Walioelewa wameshanyamaza.”

Ngoja kwanza nikueleze huo ukuta, maana bila ukuta huwezi kumwelewa huyu mzee, na yeye mwenyewe bila ukuta sidhani kama yupo.

Baba Mkubwa ni kaka wa marehemu baba yangu. Alikuwa mwalimu mkuu karibu maisha yake yote, na siku aliyostaafu shule ilimtoka mkononi, kichwani ikabaki. Anakohoa kama kengele. Anauliza chumvi mezani kama anaita mahudhurio. Na ukutani sebuleni, ule ukuta unaoutazama ukiingia tu mlangoni, alibandika matokeo ya kila mtoto wa ukoo: watoto wake, watoto wa dada zake, mpaka mjukuu mmoja aliyepewa nyota kwa kuchora bata. Hakubandika ovyo. Wa kwanza juu, wa mwisho chini, na matokeo mapya yakitoka karatasi zinahamishwa huku na huku kama nguo kwenye kamba.

Mimi nilikuwa chini kabisa, karibu na soketi ya umeme. Ukitaka kuchaji simu kwenye nyumba ile, ilibidi upige magoti mbele ya alama zangu. Wageni walikuwa wanazisoma huku wanatafuta tundu.

Ndiko lilikotoka jina. Nina jina langu zuri tu, limeandikwa kwenye vyeti, lakini humo ndani nikaitwa Mkia, na yeye aliyelianzisha alikuwa analitamka kwa upole, kama anakupa pipi. “Mkia, niletee miwani.” “Mkia, hebu msomee mgeni hapo chini, aone tunavyosaidia watu.” Mimi nasoma. Mgeni anacheka kidogo, kwa adabu. Baba Mkubwa hacheki. Mtu wa namna hiyo hacheki, anatabasamu kwa pembe moja ya mdomo, nyingine anaiwekea akiba.

Tulihamia kwake baba yangu alipofariki. Nyumba ya ghorofa moja. Chini sebule, jiko, choo, na chumba kimoja alichokiita ofisi, ingawa kazi pekee iliyofanyika humo ilikuwa kufuta vumbi kwenye vikombe vya mashindano ya shule. Juu, vyumba vya kulala. Ngazi za kwenda juu zilijengwa na fundi mwenye haraka zake: nyembamba, zimesimama wima kama zile za kupakia magunia kwenye lori. Jiko lilikuwa chini, na Mama ndiye aliyepika. Cherehani yake ilikuwa juu, na cherehani ndiyo iliyotulisha, maana Mama ni fundi wa mapazia. Kwa hiyo maisha yake yote yalikuwa ngazini.

Mama ni mnene. Nasema hivyo kama ninavyoweza kusema ni mrefu au ana mwanya. Yeye mwenyewe alikuwa anasema siku alipokatwa yeye kitambaa kilikuwa kingi, fundi akaona asibanie.

Basi miguu yake ikaanza kuvimba. Jioni akivua soksi, zinamwachia mfereji unaoweza kutia kidole. Akaanza kulalia mito mitatu, halafu mito ikawa haitoshi, akawa anakaa tu kitandani, ameegemea ukuta, kama mtu anayesubiri basi ambalo anajua halitakuja. Namsikia nikiwa chumba cha pili anavuta pumzi kama anayevuta maji kisimani. Baba Mkubwa akatoa hukumu mezani, mbele ya wote: uzembe. Mtu mnene akizidisha kupanda na kushuka ngazi, mwili unapungua. Akamshauri Mama apande hata pale ambapo hana shughuli juu.

Halafu yeye mwenyewe akaanza kukohoa kila akijilaza, na hapo ndipo uzembe ulipogeuka kuwa ugonjwa.

Tukaenda hospitali siku moja, wote watatu, wao wagonjwa na mimi mfukuzwa kila kona, maana kazi yangu wakati ule ilikuwa kuosha magari na kuachishwa. Wakatolewa damu. Tukakaa kwenye benchi la ukumbini, chuma kitupu, baridi inapenya suruali. Mtu wa maabara akaja na bahasha mbili, akampa kila mtu yake, akasema daktari atawaita.

Mtu mwingine yeyote angesubiri daktari. Baba Mkubwa alifungua yake palepale, akavaa miwani, akasoma kwa kidole. Nikaona mgongo wake unanyooka.

“Elfu sita na mia mbili,” akasema. Kisha akamgeukia Mama, ule ugeukaji wa mtu anayejua jibu. “Na wewe shemeji, umepata ngapi?”

Umepata ngapi. Nakuapia hayo ndiyo maneno.

Mama akafungua yake. “Mia nne na kumi.”

“Aa,” akasema Baba Mkubwa. “Mia nne.” Ile kumi akaitupa, kama alivyozoea kutupa nusu alama za watoto wa watu. Na pembe ya mdomo ikapanda.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, kalamu imekaa nyuma ya sikio kama seremala. Alitueleza bila kutufanya wajinga. Alisema wote wawili mioyo yao imechoka, inashindwa kusukuma damu inavyotakiwa. Moyo ukizidiwa, unamwaga kitu fulani kwenye damu, na hicho ndicho kilichopimwa. Ni kama moyo unapiga kelele, na maabara wanasikiliza kelele imefika wapi.

“Kwa hiyo mimi ndiye mgonjwa zaidi,” Baba Mkubwa akasema. Hakuuliza. Alikuwa anapokea zawadi.

“Hapana mzee, msilinganishe,” akasema daktari. “Mwenye mwili mkubwa, hiki kitu huonekana kidogo kwenye damu yake hata kama moyo uko vibaya. Tunaona hivyo kila siku. Wewe una umri mkubwa, na figo zako zimechoka, nimeona kwenye kipimo kingine. Figo zikichoka zinashindwa kukitoa, kinajaa. Mapigo ya moyo wako nayo hayana mpangilio, hilo pia linapandisha. Namba ya mama ni ya mama, namba yako ni yako. Kila mtu tutamlinganisha na yeye mwenyewe, tuone inapanda au inashuka.”

Mama akafikiri kidogo. “Kwa hiyo mwenzangu moyo wake unapiga kelele ukumbini,” akasema, “wangu unapiga kelele chini ya godoro.”

Daktari akacheka mpaka kalamu ikaanguka. “Ndiyo hivyo, mama. Na aliye chini ya godoro ndiye wa kumwahi.”

Mimi nikamtazama Baba Mkubwa. Alikuwa ameinua uso, anaitazama picha ya moyo iliyobandikwa ukutani, zile rangi nyekundu na bluu, midomo ameikaza. Nikasema moyoni, huyu hajasikia neno. Maneno yamempita kama yanavyompita mwanafunzi wa dirishani. Na nikamdharau kwa hilo, dharau nyepesi, ya kawaida, ile unayompa mtu asiyeelewa.

Daktari akamwandikia kila mtu vidonge vyake. Kisha akamshika Mama mkono. “Wewe ngazi hapana. Nyumbani kuna chumba cha chini?”

“Kipo,” nikajibu mimi.

Baba Mkubwa akakohoa kengele yake.

Kesho yake nikahamisha kitanda kwenda chini. Hakikuwa cha Mama.

“Elfu sita kwa mia nne,” aliniambia huku ananifuata nyuma, mimi nimebeba godoro lake kichwani, nashuka zile ngazi kwa kunyata nisiteleze. “Hata wewe na alama zako, hesabu hiyo unaiweza.”

“Lakini daktari alisema Mama ndiye—”

“Daktari alisema mambo mengi. Kona hapo, usikwaruze ukuta.”

Vikombe vya mashindano akavipanga kwenye dirisha la chumba kipya, vikamlinda usingizini. Halafu akachukua zile karatasi mbili za maabara, akazibandika sebuleni. Ya kwake juu, juu ya watoto wake wote, juu ya yule binti yake aliyekwenda kusomea sheria. Ya Mama akaibandika chini, jirani na yangu, karibu na soketi.

Wageni wakija kumpa pole, anawapeleka ukutani. “Elfu sita na mia mbili,” anasema, anagonga kwa ukucha. “Wauguzi wenyewe walishtuka.” Mgeni anatikisa kichwa kwa heshima. “Na mama huyu?” anauliza mwenye huruma. “Huyu naye ana moyo,” anajibu, “ila wa kawaida.”

Sisemi hakuwa mgonjwa. Alikuwa mgonjwa. Nimewahi kumwona asubuhi amekaa pembeni mwa kitanda, miguu myembamba inaning’inia, anaitazama kama ya mtu mwingine, na siku hiyo nilikaribia kumwonea huruma. Nikamuuliza kama anataka maji. Akasema, “Mwambie mama yako uji wa jana ulikuwa mzito.” Huruma ikarudi ilikotoka, haikuaga.

Vidonge vyake alikunywa vizuri, maana alikuwa mtu wa ratiba. Vikamfaa. Kila asubuhi akawa anazunguka mtaa mzima na bakora yake, anawasalimia wauza magazeti, kisha anarudi kumkuta Mama katikati ya ngazi, kitambaa cha pazia begani, uso umejaa jasho, na anamweleza kuwa kutembea kunasaidia.

Mama akatafuta njia yake. Pale ngazi inapokata kona aliweka kigoda. Akifika hapo anakaa, anashona pindo kidogo kwa mkono, pumzi ikimfikia anaendelea. Akawa anasema kile ndicho kiwanda chake cha pili. Siku ya tatu kigoda hakipo. Nikakikuta uani, kimeegeshwa kwenye pipa la taka.

“Mtu atajikwaa,” Baba Mkubwa akasema. “Na ngazi si kituo cha basi.”

Mama akaanza kukaa kwenye ngazi zenyewe. Nikamwambia, Mama, nitakushushia cherehani, shona sebuleni. Baba Mkubwa akasema kelele za cherehani zinamsumbua mgonjwa. Nikamwambia Mama, basi twende kwa Mama Mdogo. Mama Mdogo ana saluni, na nyuma ya saluni ana chumba, hakina hata kizingiti. Mama akakataa. “Baba yako aliniacha hapa,” akasema. “Nikiondoka watasema nimemkimbia shemeji yangu mgonjwa. Ngoja kipimo cha pili. Shemeji ni mtu wa shule, ataelewa tu. Hajaelewa vizuri, basi.”

Hajaelewa vizuri. Alilishika neno hilo kama anavyoishika nguzo ya ngazi.

Kipimo cha pili kikafika. Yule yule daktari, lile lile benchi. Baba Mkubwa alipata elfu nne. Mama alipata mia tisa.

Daktari alimpongeza mzee. Alisema dawa zinafanya kazi, moyo umepunguza kelele. Hata mkono akampa. Baba Mkubwa akaupokea kama mtu anayepewa barua ya kushushwa cheo. Kwa Mama daktari hakutabasamu. “Imepanda zaidi ya mara mbili, mama. Kwa mwili wako hii si ndogo hata kidogo. Umepumzika kweli?” Mama akasema anapumzika. “Unalala chini?” Mama akavuta soksi yake juu. Daktari akanitazama mimi, mimi nikamtazama Baba Mkubwa, Baba Mkubwa akaitazama picha ya moyo.

Akamwongezea Mama kidonge cha kutoa maji, akasema safari ijayo ikipanda tena atamlaza wodini.

Kwenye teksi, wakati wa kurudi, yule mzee alihesabu vidoleni mpaka karibu na nyumbani. Kisha, akiwa anatazama nje: “Elfu nne bado ni kubwa kuliko mia tisa.”

Dereva alijifanya anarekebisha kioo.

Lakini ilimwuma. Kupoteza elfu mbili na mia mbili kwa mkupuo mmoja kulimwuma mtu ambaye hajawahi kushuka nafasi. Wiki nzima alikuwa anasimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, anaitazama ile elfu nne. Mwishowe akaamua. Kwenye utawala wake mtoto akidai ameonewa, karatasi inasahihishwa upya. Na yeye akaenda kusahihishwa upya.

Hakurudi hospitali. Alikwenda maabara binafsi, ile ya mtaa wa pili yenye vioo mbele na samaki kwenye tangi, akatolewa damu, akaambiwa bahasha itakuja nyumbani. Ikaja Jumapili, Makamu akiwepo.

Makamu alikuwa msaidizi wake shuleni na hajawahi kuacha kazi hiyo. Kila Jumapili anakuja, anakunywa chai, anakubali. Baba Mkubwa akisema mvua itanyesha, Makamu anasema tena kubwa. Mtu kama huyo ndiye bahasha inafunguliwa mbele yake. Baba Mkubwa alisimama katikati ya sebule, akapasua bahasha kwa ufunguo, akavaa miwani.

“Wale wa hospitali wana mashine za zamani,” akamwambia Makamu. “Sasa sikiliza. Matokeo: mia…”

Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Makamu, kwa mazoea ya kumalizia sentensi za mkubwa wake, akainuka, akachungulia karatasi begani kwake, akamalizia kwa sauti ya mkutano wa asubuhi: “Mia saba na ishirini.” Kisha akasikia alichosema, akakaa, akakamata kikombe.

Mama alikuwa anashuka. Akasikia na yeye, akakaa kwenye ngazi ya tatu.

Na mimi, niliyekuwa nimepiga magoti pale chini nachaji simu, nikaziona namba zote kwa wakati mmoja: mia saba na ishirini mkononi mwake, mia tisa mbele ya pua yangu. Nikasimama. Nikamchomoa karatasi vidoleni, hata hakuishika. Nikaenda ukutani, nikabandua ile elfu nne, nikapandisha mia tisa ya Mama juu kabisa, juu ya binti wa sheria, na mia saba na ishirini nikaishusha kwenye soketi.

“Mama amekuwa wa kwanza,” nikasema. “Nahamisha kitanda leo.”

Ndipo alipoanza kusema toa mkono wako kwenye huo ukuta.

Sasa turudi palepale. Yeye amesimama, bakora mkononi, mshipa wa shingo unacheza bila mpangilio, kama daktari alivyosema. Anapaza sauti kuwa vipimo ni tofauti. Mimi namuuliza nani analinganisha. Na yeye, kwa hasira, akaanza kufundisha.

“Hospitali wanapima kitu kimoja, hawa wa samaki wanapima ndugu yake,” akasema. “Vyote vinatoka kwenye moyo mmoja lakini kimoja kinakaa kwenye damu muda mrefu, kingine kinaondoka upesi, kwa hiyo namba zake ni ndogo siku zote. Ameniambia yule kijana aliyenitoa damu. Mia saba ya huku inaweza kuwa elfu nne ya kule.”

“Sawa.”

“Halafu mimi nina figo. Umesahau figo? Figo zikichoka kitu kinajaa. Nina umri. Nina mapigo. Na mama yako ni mtu wa mwili, mtu wa mwili namba yake haiwezi kuwekwa sambamba na ya mtu kama mimi, hata mia nne yake ile ya kwanza haikuwa mia nne ya…”

Akasimama hapo.

Lakini alikuwa amechelewa. Maneno yalikuwa yameshatoka yote, moja baada ya jingine, kwa mpangilio uleule, mpaka figo na mapigo, karibu hata kalamu ya sikioni unaiona. Hakuna hata moja lililompita. Siku ile ameinua uso kwenye ile picha nyekundu na bluu, alikuwa anaandika kichwani kama mwanafunzi bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha. Aliposimama nyuma yangu nikishusha godoro alikuwa anajua. Alipokitupa kigoda alikuwa anajua. Mimi miezi yote hiyo nimemdharau kwa ujinga, kumbe nimempunja. Alistahili dharau kubwa zaidi, sikuwa nimefikia daraja lake.

Makamu akakiweka kikombe mezani. Kwa mara ya kwanza nilimwona hakubali.

Na Mama, kutoka kwenye ngazi ya tatu, akasema polepole, bila hasira, kama mtu anayeokota sindano aliyokuwa ameitafuta sana:

“Kumbe ulisikia, shemeji.”

Baba Mkubwa akafungua mdomo. Pembe zote mbili zilikuwa chini.

“Shemeji, mimi…” akasema. “Chumba kama ni chumba tunaweza kuzungumza. Mbona mambo madogo. Wewe mwenyewe hukuwahi kuomba.”

“Ni kweli,” Mama akasema. “Nilidhani hujaelewa. Mtu ambaye hajaelewa unamsubiri.” Akaishika nguzo, akajiinua, akashuka zile ngazi mbili zilizobaki. Mguu wa kwanza, akapumzika. Mguu wa pili. Akasimama sebuleni, akanitazama. “Mwanangu, nishushie cherehani. Na lile begi la kijani, chini ya kitanda. Nguo nyingine nitajishonea huko kwa Mama Mdogo, na pazia lake ananidai.”

Nilipanda ngazi tatu tatu. Begi la kijani lilikuwa limejaa tayari. Zipu imefungwa, vidonge mfukoni mwa pembeni, hata kitana. Sijui lilikaa hivyo tangu lini, na sijawahi kumuuliza. Siku hizi analala nyuma ya saluni, miguu inaingia viatuni, daktari anamlinganisha na yeye mwenyewe tu, na akiniona nimesimama mlangoni namwangalia anavyopumua ananiambia nikaoshe magari ya watu. Kwa hiyo simuulizi.

Nikashuka na kichwa cha cherehani kifuani, begi mgongoni. Kizito kile chuma. Mama alikuwa ameshafika nje, kwenye lami, mahali pasipo na kupanda wala kushuka, anamsimamisha mwenye pikipiki ya mizigo.

Baba Mkubwa alikuwa bado amesimama palepale. Makamu alikuwa anatafuta kofia yake, ingawa alikuwa ameivaa.

“Sasa nani atapika?” Baba Mkubwa akauliza. Aliuliza sebule nzima, ukuta pia. Sauti haikuwa ya mwalimu mkuu. Ilikuwa ya mzee mwenye figo, na ningeweza kuisikitikia kama angekuwa ameuliza kitu kingine.

Nikaiweka cherehani chini mara moja. Nikaenda ukutani, nikachomoa ile mia tisa, nikaikunja mfukoni, maana daktari ataihitaji. Karatasi yangu mwenyewe sikuigusa. Nikaiacha kwenye soketi, jirani na mia saba na ishirini yake. Ukuta ule usipokuwa na wa mwisho hauwezi kusimama, na sikutaka umwangukie.

Nikabeba cherehani. Nikafika mlangoni.

“Mkia,” akaniita.

Nikageuka.

Nadhani alikuwa na neno. Nililiona likipanda shingoni, likafika kooni, likakosa nafasi. Likatoka lile alilokuwa amezoea kunitupia kila siku tangu tulipohamia, kwa sababu mimi ni mtu wa kubamiza milango.

“Usibamize.”

“Sibamizi, Baba Mkubwa,” nikasema.

Nikatoka. Nikauvuta mlango kwa mguu, taratibu, taratibu, kama unavyofunga chumba cha mgonjwa, mpaka kitasa kikaingia mahali pake bila hata kusikika.